Picha ya Batamzinga na Waifai ya Wageni

Jumapili, 3 Agosti. Niko nyumbani, Bahati. Mvua.

Leo mezani Celestine ametangaza, huku akiongeza chumvi kwa mboga, kwamba Jumamosi kwenye sherehe ya kustaafu ya mama yake picha zote zitaonyeshwa kwa skrini kubwa. Picha zote. Miaka thelathini na moja ya kufundisha shule ya Rhonda, watoto, wajukuu, na wakwe. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, wakwe wa kutoka mwaka gani. Akasema wa kutoka mwanzo.

Nimeacha ugali nusu. Celestine amenishika paji la uso kuona kama nina homa.

Hapa naandika ukweli, kwa sababu daftari hili linalala chini ya gunia la dairy meal kwa agrovet yangu, duka la dawa na chakula cha mifugo, na hakuna mtu hulisoma. Mwaka wa 2012 nilienda kwao Kiminini kujitambulisha. Koti la kuazima, viatu vipya. Kabla sijafika kwa wazee, batamzinga wa mama mkwe akanitokea. Yule ndege hakuwa na subira na wageni. Nikapanda juu ya tangi la maji. Marehemu baba mkwe alipiga picha kwanza, ndipo akaleta ngazi. Kwa hiyo picha niko juu, nimekumbatia bomba. Chini kuna kiatu changu kimoja, na batamzinga amesimama kando yake kama mwenye duka.

Hilo peke yake ningelimeza. Shida ni Kimutai. Huyu ni mkwe mwenzangu, ameoa Jackie, mdogo wake Celestine. Kwa miaka nane nimemwambia Kimutai kwamba siku ile nilisimama mbele ya wazee wa Kiminini nikatoa hotuba, methali juu ya methali, mpaka wazee watatu wakapangusa machozi. Kila Krismasi yeye mwenyewe huniomba niirudie. Sasa Jumamosi atakaa mstari wa mbele na kanisa lote.

Hiyo picha lazima itoke. Moja tu. Nyingine zibaki, mimi si mtu mbaya.


Jumatatu, 4 Agosti. Mvua asubuhi, jua baadaye.

Picha ziko kwa kompyuta ya mama mkwe. Kompyuta iko kwa chumba chake cha kulala. Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu.

Mama anakaa nyumba ndogo ya vyumba viwili, papa hapa kwa boma letu, hatua ishirini kutoka mlango wangu. Tuliijenga kwa sababu yake. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali nyumba ya mume wa binti yake, na mume wa binti hakanyagi chumba cha mama mkwe. Hata mkono hatupeani. Mimi nikimwona naangalia chini, yeye anaangalia miti, tunasalimiana hivyo na tunapendana sana.

Kumtuma Celestine aifute, haiwezekani. Yeye hiyo picha anaipenda. Akiwa na huzuni huiwaza tu na huanza kucheka peke yake.

Lakini waifai ni moja, niliiweka mimi, na inafika mpaka kwa mama. Kompyuta mbili kwa waifai moja zinaweza kufungua folda moja. Nimeona video. Nitakaa kwa sebule yangu, na heshima zangu zote, nifungue folda yake kutoka huku, nifute, nifunge. Sitakanyaga popote. Nimemwambia Celestine nataka kupanga picha kwa TV yetu kabla ya siku yenyewe. Amenipa kipande cha pili cha nyama.


Jumanne, 5 Agosti.

Kazi imeanza. Mimi nje chini ya dirisha la mama kwa kiti cha plastiki, Celestine ndani kwa kompyuta, mama kando yake. Nilikuwa namwambia Celestine bonyeza hapa, Celestine anamwambia mama, mama anabonyeza, kisha jibu linarudi njia ile ile. Mama alifundisha darasa la kwanza, kwa hivyo kila neno la kompyuta analisoma lote, kwa sauti, pamoja na nukta. Tumetumia saa nzima kuipa folda ruhusa ya kuonekana. Siafu wamenipata mara mbili.

Nimekimbia nyumbani. Nimefungua yangu. Nikaona kompyuta yangu na TV yangu. Ya mama haipo. Nimezima, nimewasha. Nimezima ruta, nimewasha. Nimeandika jina la kompyuta yake herufi kwa herufi. Ikaniambia haiijui.

Saa kumi Kimutai akafika kutoka Salgaa, ambako ana lodging na hoteli ya madereva wa malori. Amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao Wakalenjin, kwa mama. Mimi sijawahi kuleta kibuyu cha chochote. Akauliza nafanya nini na waya shingoni. Nikamweleza mambo ya mtandao, kwa urefu. Akasikiliza vizuri, kisha akatoa flashi mfukoni, akampa mama mlangoni kwa mikono miwili, akiangalia pembeni. Mama akaingia ndani, akakaa dakika tatu, akatoka na flashi imejaa picha zote. Kimutai akaitia mfukoni na kusema basi, Jumamosi ataileta.

Nimemwambia flashi huleta virusi. Nimemwambia watu waliosoma hawabebi tena picha mfukoni kama ugoro. Akasema sawa mzee. Huwa ananiita mzee akitaka kuniudhi, na tumepishana miaka miwili.

Flashi hiyo ni ya kushughulikia baadaye. Kwanza mzizi. Ukishang'oa mzizi, tawi unaliomba tu kwa upole.


Jumatano, 6 Agosti.

Nimefunga duka saa nne, mteja wa dawa ya kupe akiwa mlangoni. Nimeenda kwa Ogola wa cyber pale sentani. Ogola anajua kompyuta, lakini hawezi kukujibu kabla hajamaliza njugu zilizo mkononi. Nimengoja.

Akauliza kompyuta ya mama imeingia waifai gani. Nikasema yangu. Akauliza yangu gani, kwa sababu ruta kama hiyo yangu hutoa mbili. Nikasema ndiyo, ziko mbili. Moja nimeiita Nyumbani kwa Khisa, yaani kwangu, tunatumia mimi na Celestine na TV. Nyingine ni ya Wageni. Mama nimemweka kwa ya Wageni.

Ogola akaacha kutafuna. Akaniuliza kwa nini.

Nikashangaa swali lenyewe. Yule ni mama mkwe. Hakuna mgeni mkubwa kumshinda boma zima. Siku ruta ilipofika nilimwekea hiyo ya Wageni mimi mwenyewe, na paswadi nzuri, kwa heshima, hata kabla ya kumpa pasta wa kanisa letu. Kumweka pamoja na sisi na TV ingekuwa kama kumkalisha jikoni.

Ogola akasema ruta haijui mila. Ukiingia ya Wageni, inakupa intaneti na kukufungia mlango wa ndani. Mgeni hawezi kuona vitu vya nyumba, na nyumba haiwezi kuona vya mgeni. Mimi mwenyewe ndiye nilijenga ukuta, miezi saba iliyopita, na nikajisifu. Akasema mtoe huko, mlete Nyumbani, itafunguka.

Rahisi hivyo. Nimemnunulia njugu nyingine.


Alhamisi, 7 Agosti. Mvua kubwa.

Si rahisi.

Nimemtuma Celestine kwa mama na ujumbe mfupi: atoke waifai ya Wageni, aingie Nyumbani kwa Khisa. Celestine amekaa huko nusu saa. Amerudi akiuma mdomo ili asicheke. Mama amekataa.

Mama amesema kompyuta yake haizimwi usiku, kwa sababu ikizimwa huchukua nusu ya asubuhi kuamka. Kwa hivyo ikiingia Nyumbani kwa Khisa, italala Nyumbani kwa Khisa. Na yeye tangu azaliwe hajasikia mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwe, awe yeye, awe mkoba wake, awe kompyuta yake. Akauliza Celestine kama watu wa Kiminini wakisikia watasema nini.

Nilitaka kusema waifai si nyumba. Lakini jina niliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Nikapendekeza kubadilisha jina. Celestine akapeleka. Mama akajibu kwamba ukibadilisha jina la ng'ombe, bado ni yule yule wa jirani.

Tumejadiliana mchana kutwa kupitia Celestine, ambaye sasa ameanza kudai chai kila safari. Jioni tukafikia makubaliano. Kompyuta ya mama itatembelea Nyumbani kwa Khisa kesho, kama vile mtu anavyotembelea wakwe. Itaingia saa kumi, akishatoka saluni. Itatoka saa kumi na mbili kamili, kabla ya giza. Haitalala.

Saa mbili. Za kufuta picha moja. Hata kobe zingemtosha.


Ijumaa, 8 Agosti.

Saa kumi na dakika tano kompyuta ya mama ikatokea kwa skrini yangu. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Nikaibonyeza. Ikataka paswadi. Nikaenda dirishani. Mama akasema paswadi ni jina lake la utotoni. Sasa hilo jina mimi siwezi kulitaja, wala kulisikia likitajwa namna hiyo dirishani. Celestine akaliandika kwa karatasi, akaikunja mara nne. Nimelichapa jicho moja likiwa limefungwa. Nimekosea mara tatu. Saa kumi na moja kasorobo.

Folda ikafunguka. Picha mia mbili na kumi na mbili. Mama na chaki, mama na kikombe cha riadha, Celestine bila meno. Na ile. Imeandikwa Batamzinga. Nikaifuta. Ikakataa. Nina ruhusa ya kutazama tu, si ya kubadilisha.

Dirishani tena. Celestine akauliza kwa nini mtu wa kutazama anataka ruhusa ya kubadilisha. Nikasema ni ili picha zinyooke zitoshee TV. Aliniangalia kidogo. Kisha mama akaanza kusoma maneno yote, pamoja na nukta. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tano nilikuwa na ruhusa yote.

Nikaifuta. Ikaenda. Raha niliyosikia sijaisikia tangu nioe.

Halafu nikaona nyingine. Picha ile ile, mwanzo kabisa wa folda: Aibu ya Khisa. Na nyingine mwisho kabisa: Zawadi ya Mungu. Mama ameiweka mara tatu, na ya tatu ameipa jina hilo, hata sijui kwa nini. Saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Nasikia mama dirishani kwake akimuuliza Celestine kama jua halijatua. Nikaamua kuzifuta mbili kwa pamoja. Nikabonyeza ya kwanza. Nikashikilia kile kitufe cha shift. Nikabonyeza ya mwisho. Nikafuta. Ikaniuliza kama nina hakika kabisa. Nikasema ndiyo, upesi.

Kitufe hicho hakichukui mbili. Kinachukua ya kwanza na ya mwisho na kila kitu katikati.

Nimeziona zikienda. Chaki, kikombe, meno ya Celestine, marehemu baba mkwe, harusi yetu, miaka thelathini na moja ya Rhonda. Folda nyeupe. Nikakimbilia kwa lile debe la taka la kompyuta. Halina kitu. Ogola ananiambia kwa simu kwamba ukifuta kitu cha kompyuta nyingine kupitia mtandao, hakipitii taka. Kimeenda tu. Akauliza nimefuta nini. Nikakata simu.

Saa kumi na mbili kamili kompyuta ya mama ikatoka Nyumbani kwa Khisa, kama alivyoahidi.

Sijala. Mama alinitumia uji wa kunishukuru kwa kazi. Nimeunywa nikilia kidogo.


Jumamosi, 9 Agosti. Siku yenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri nilimpigia Kimutai. Sijawahi kumpigia kabla ya yeye kunipigia. Nikamuuliza afya, nikamuuliza malori, nikamuuliza mursik hutengenezwaje. Akangoja. Nikamuuliza ile flashi iko wapi. Akasema iko mfukoni. Nikamuuliza kama bado ina picha. Akasema zote. Nikamwambia mimi kwa kweli sina neno na flashi, na virusi vimepungua sana siku hizi.

Akaja saa tatu. Nikanyoosha mkono. Akasema ataichomeka mwenyewe, asinisumbue. Nikamwambia kuna picha moja ina kasoro ningependa kuiondoa. Akasema sawa mzee, na akapita.

Watu karibu mia mbili. Hema mbili, walimu wazee wa Rhonda, kwaya, pasta. Picha zikaenda moja baada ya nyingine na watu wakashangilia. Mimi nimekaa nyuma ya spika. Kisha tangi likaja. Skrini nzima. Mimi juu, kiatu chini, ndege kando.

Kelele iliyotoka hapo iliwatisha ng'ombe wa Hiram, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Pasta alishika magoti. Nilimtafuta Kimutai kwa macho ili nijue nimekufa kiasi gani. Hakuwa amestaajabu hata kidogo. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Kumbe Jackie alimwambia habari ya batamzinga wiki ya kwanza waliyojuana. Miaka nane! Sasa naelewa kwa nini kila Krismasi aliniomba niirudie hotuba.

Mama akaomba maikrofoni. Hakuniangalia, aliangalia miti, lakini aliongea na mimi. Alisema wengine waliokuja kumtaka Celestine walikuja na maneno makubwa. Huyu wa tangi alikuja na woga wake wazi, hakuuficha. Alisema usiku ule alimwambia mumewe, mtu anayeogopa batamzinga namna hii hatanipigia mtoto. Na hajampiga. Miaka kumi na tatu.

Kisha akasema jana jioni alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, akaziona picha zikipotea. Kwanza ya batamzinga peke yake. Kisha zote. Alisema akajua mkwe wake yuko taabani, akamchemshia uji.

Na akasema hiyo ya batamzinga ingefutwa popote, isingepotea. Iko kwa fremu ukutani, juu ya kitanda chake, tangu baba yao afe. Akiamka ndiyo anaiona kwanza, inampa kucheka. Celestine anaijua. Jackie anaijua. Wajukuu wote wanaijua. Nimeishi hatua ishirini kutoka kwa hiyo picha miaka minne, kwa chumba pekee hapa duniani ambacho siruhusiwi kuingia.

Wakaniita niseme neno kwa niaba ya wakwe. Nilikuwa na hotuba, kweli, kurasa tatu, methali tisa. Nikashika maikrofoni. Nikasema mama. Halafu nikalia. Nililia mbele ya pasta na walimu wa Rhonda, na kamasi, dakika nne nzima, kwa spika mbili kubwa. Nampenda huyu mama. Nilimaliza kwa kusema asante na nikampa maikrofoni mtu ambaye hakuwa ameiomba.


Jumapili, 10 Agosti.

Kimutai na Jackie walilala hapa. Asubuhi nimemwomba msamaha kwa ile hotuba ya Kiminini. Akasema hakuna shida, amengoja miaka nane kuiona hotuba inayowaliza watu, na sasa ameiona. Tukacheka. Ni mtu mzuri, Kimutai. Mursik yake pia si mbaya. Amerudisha picha zote kwa mama kwa flashi, dakika tatu. Nimeapa mbele ya Celestine kwamba mambo ya kompyuta za watu nimeacha.


Jumatatu, 11 Agosti. Jua zuri.

Jackie amempigia Celestine. Ati Kimutai alinirekodi nikilia. Zile dakika nne zote, pamoja na kamasi. Video iko kwa laptop yake, na Krismasi anataka kuionyesha kwao, ukoo mzima.

Nimefikiria tangu asubuhi. Nimehudumia wateja vibaya, mtu wa kuku amekwenda na dawa ya mbuzi ikabidi nimfuate mpaka steji ya matatu.

Kimutai anakuja na laptop Jumapili ijayo. Siku zote nimekuwa nikimweka kwa waifai ya Wageni. Jioni hii nimemwambia Celestine kwamba nimetafakari juu ya familia, na naona si vizuri. Yule ni ndugu. Miaka nane bado tunamwita mgeni kwa nini? Aje aingie Nyumbani kwa Khisa na sisi, afungue folda zake, awe huru.

Celestine ameguswa sana. Amesema sherehe imenibadilisha. Nimemuuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama Wakalenjin wana neno lolote kuhusu kompyuta ya mkwe mwenza kulala. Akasema hajui, lakini haoni kwa nini isilale.

Basi ilale. Na hiki kitufe cha shift safari hii sikigusi. Nimejua kuna kingine, kinachochukua moja moja, kinaitwa control.